UZI: Akiba ya chakula ya miezi mitatu kwa bei ya mavuno (mahindi, maharage, mukene, sabuni, makaa)

#1 Mpukuchuzi

Mavuno ya pili yanaingia Kisenyi, soko la nafaka la Kampala, na maswali ya akiba yamejaa humu tena. Naweka yote mahali pamoja. Anayejua zaidi aongeze, anayepinga apinge kwa hoja.

Kwanza kalenda. Sehemu kubwa ya Uganda ina mvua mbili: Machi hadi Mei, na Septemba hadi Novemba. Maharage hutoka Juni na Julai, kisha Desemba na Januari. Mahindi hufuata nyuma kidogo. Bei hushuka hapo, halafu Aprili na Mei hupaa kwa sababu maghala yamekauka na mashamba bado mabichi. Karamoja wanavuna mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo hesabu yao ni nyingine kabisa.

Kuna jambo wengi hawaliangalii: mahindi ya msimu wa kwanza mara nyingi huvunwa mvua haijakata vizuri, huja sokoni mabichi. Ya Januari yamekaukia kwenye jua la kiangazi. Kama una hela ya kujaza stoo mara moja tu kwa mwaka, jaza sasa. Itakuvusha Machi, Aprili na Mei.

Kiasi. Familia ya watu watano ambayo karibu nusu ya milo yake ni matooke (ndizi za kupika), viazi na muhogo wa kununua kila siku, kwa mwezi mmoja inatosha: unga wa posho (ugali) kilo 25, mchele 8, maharage 12, njugu (karanga) 3, mukene (dagaa) 2, mafuta lita 4, sukari 5, chumvi kilo 1. Zidisha mara tatu. Kama nyumba yenu ni posho na maharage mchana na usiku, nafaka peke yake hesabu gramu 400 kwa mtu kwa siku, yaani kilo 60 kwa watu watano kwa mwezi. Hicho ndicho kipimo kilichozoeleka cha mgao kamili wa wakimbizi, na ndugu wa Nakivale na Kyangwali wanakijua vizuri kuliko mimi.

Usinunue usichokila. Kunde za bei chee ambazo watoto hawazigusi ni chakula cha fukusi.

Sokoni beba mizani yako ya kuning'iniza, ile ndogo ya ndoano. Gunia "la kilo 100" pima mbele ya muuzaji. Ingiza mkono hadi katikati na chini, usitazame juu tu, maana juu ndipo yanapowekwa mazuri. Chota kutoka sehemu tatu, mwaga kwenye karatasi nyeupe: vumbi la unga, punje zenye matundu, punje za kijani au nyeusi, harufu ya uvundo. Ukiona ukungu hata kwenye punje chache, ondoka. Bei hata ikiwa nzuri vipi.

#2 MamaWaNateete

Asante ssebo. Swali: nitajuaje mahindi yamekauka ya kutosha? Muuzaji kila mara anasema "makavu haya, nnyabo" na ukifika nyumbani yanatoka jasho kwenye mfuko.

#3 Kichuguu

Dada, njia ya chumvi. Unahitaji chupa ya kioo au ya plastiki angavu, yenye mfuniko, kavu kabisa, na chumvi kavu. Chumvi ya Kampala imeshavuta unyevu, ikaange kidogo au ianike juani kwanza, halafu iache ipoe. Weka mahindi hadi theluthi moja ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi, funga, tikisa dakika moja. Acha itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye ukuta wa chupa, unyevu uko juu ya asilimia 15: hayafai kufungwa. Chumvi ikishuka yote chini, uko chini ya 15.

Lakini chini ya 15 bado hujafika. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ni asilimia 13.5, na kwa mfuko usiopitisha hewa lenga 13. Kwa hiyo jaribio likifaulu, anika tena siku moja au mbili za jua zuri. Juu ya turubai, kamwe si juu ya udongo au murram, unene wa vidole viwili, unageuza kila nusu saa. Saa kumi jioni kusanya, umande usiyakute nje. Halafu yaache yapoe usiku kucha ndani kabla ya kufunga. Ukifunga nafaka ya moto, mvuke unageuka maji upande wa juu wa mfuko, na hapo ndipo ukungu unapoanzia.

Kwa meno pia unaweza: punje kavu inavunjika "ka!" na vipande vinaruka. Mbichi inabonyea.

Sisisitizi hivi kwa ajili ya ladha. Ukungu huo ndio unaoleta sumukuvu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi yetu kuvuka mpaka kwa sababu hiyo hiyo. Kuchemsha hakuiondoi. Kusonga posho hakuiondoi. Na pumba yenye sumu ukiwapa ng'ombe, inarudi kwako kwenye maziwa.

#4 Mpukuchuzi

Sahihi. Tukishakausha, tufunge.

Mfuko wa PICS, ule usiopitisha hewa, una tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani, na gunia la kufumwa nje. Dawa haiko ndani yake. Wadudu walioingia na nafaka wanapumua, hewa safi inaisha, wanaacha kula, wanakufa. Ndiyo maana kosa dogo la kufunga linaharibu kila kitu.

Kabla ya kujaza, puliza kila mfuko wa plastiki kama puto, ushike mdomo, ukande kidogo. Ukisikia hewa inatoka, tafuta tundu. Ingiza mmoja ndani ya mwingine, kunja midomo nje, jaza kidogo kidogo ukitikisa ili pembe zijae. Bakiza mdomo wa sentimita 30 hivi. Mfuko wa ndani: kandamiza hewa itoke, usokote mdomo kwa nguvu, ukunje mara mbili, funga kwa mpira uliokatwa kutoka tyubu ya baiskeli. Kamba ya sisal inalegea. Wa pili hivyo hivyo. Halafu gunia la nje.

Weka juu ya chaga za mbao, sentimita 10 au zaidi kutoka sakafuni, mbali na ukuta. Usifungue mwezi wa kwanza. Kila ukifungua unawapa wadudu pumzi mpya. Kwa hiyo usiwe na mfuko mmoja mkubwa unaochota kila Jumamosi. Fungua mmoja, uhamishie kwenye ndoo, mingine iache imelala.

#5 MamaWaNateete

Sasa sisi wa muzigo mmoja (chumba kimoja cha kupanga), kitanda, sigiri na watoto wawili? Gunia la kilo 100 litakaa wapi?

#6 Karo_Tupu

Nnyabo, wewe usiangaike na magunia. Jerikeni na ndoo.

Jerikeni ya lita 20 iliyokuwa na mafuta ya kupikia, ikioshwa kwa maji moto na sabuni na kukaushwa siku tatu juani mdomo chini, inameza kilo 15 hivi za mahindi au maharage. Jaza hadi shingoni, gonga-gonga, ongeza tena. Nafasi tupu ni hewa. Kata kipande cha kaveera (mfuko wa plastiki) nene, weka juu ya mdomo, kaza kifuniko juu yake. Inafanya kazi ile ile ya mfuko wa PICS, panya haitoboi kirahisi, na jerikeni sita zinaingia chini ya kitanda cha kawaida ukikiinua kwa matofali. Iliyowahi kubeba petroli, mafuta ya taa au dawa ya shamba usiiguse, plastiki inabaki na harufu na sumu hata uoshe vipi.

Ndoo za rangi hapana pia. Ndoo za mafuta ya kupaka mikate kutoka kwa waoka mandazi ni nzuri, na mara nyingi zinauzwa bei ya chini kwenye viwanda vidogo vya mikate. Angalia tu mfuniko uwe na ule mpira wa pembeni.

Unga, mchele na sukari viwe upande mmoja. Sabuni, mafuta ya taa na mishumaa upande mwingine kabisa. Unga na majani ya chai hunyonya harufu ya sabuni kupitia hata kaveera mbili.

#7 Afande_Mstaafu

Mnajisumbua bure. Washa mshumaa ndani ya ndoo, funga, mshumaa unamaliza hewa, wadudu kwisha. Au weka kidonge kimoja cha fostoksini katikati ya gunia. Dukani vipo, bei ya soda.

#8 Kichuguu

Afande, kwa heshima zote, hayo mawili hayako sawa.

Mshumaa unazimika oksijeni ikiwa bado kama asilimia 16. Hewa ya kawaida ina 21. Fukusi anaishi raha mustarehe kwenye 16. Ili aache kula inabidi ishuke hadi karibu 5 au chini. Zaidi ya hapo, mshumaa ukiwaka unatoa mvuke, umeongeza maji kwenye nafaka uliyohangaika kuikausha. Nafaka ikijazwa hadi juu, wadudu wenyewe wanaimaliza hewa vizuri kuliko mshumaa.

Fostoksini ni hatari, nawaomba wote mnaosoma. Kidonge kikikutana na unyevu wa hewa kinatoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo inapita kwenye gunia, kwenye nyufa za mlango, kwenye ukuta wa mbao kati ya muzigo wako na wa jirani. Haina dawa ya kuitibu hospitali. Ni ya maghala yanayofungwa na kulindwa na watu waliofunzwa, haiwekwi ndani ya nyumba watu wanamolala, na hata ukikigawa vipande bado ni sumu ile ile.

Kama lazima dawa, kuna vumbi la ghalani la kuchanganya na mahindi, kawaida gramu 50 kwa kilo 90. Soma karatasi yake: lipo la nafaka ya kula na lipo la mbegu tu, na muda wa kusubiri umeandikwa. Kagua tarehe ya mwisho na muhuri, bandia zimejaa. Lakini mwenye mfuko mzuri na mahindi makavu halihitaji.

#9 Afande_Mstaafu

Nimepokea kuhusu kidonge. Na majivu je? Wazee walitumia.

#10 MwanaSoroti

Majivu yanafanya kazi, ila wengi wanatia kiganja kimoja kama chumvi kwenye mchuzi. Wazee walijaza. Kwa kunde, vipimo vitatu vya majivu yaliyochekechwa na kupoa kwa kila vipimo vinne vya kunde, halafu tabaka zima la majivu juu. Yanaziba nafasi kati ya punje, mdudu hawezi kutembea wala kupata mwenza, na yanamkwaruza ngozi anakauka. Chini ya hapo ni mapambo.

Nami niwakumbushe kitu kinachosahauliwa kwa sababu ya posho: ulezi. Punje ni ndogo mno kwa fukusi kutagia ndani, ukikauka unakaa mwaka na zaidi bila dawa yoyote. Teso na Ankole ulezi ndio uliokuwa akiba ya njaa ndani ya ghala. Kilo 20 za ulezi ambao haujasagwa, ndani ya jerikeni, ni bima bora kuliko gunia la unga. Tatizo lake ni mchanga. Pepeta na uoshe kabla ya kusaga, si kabla ya kuhifadhi.

Viazi vitamu navyo: amukeke, vipande vyembamba vilivyoanikwa, na inginyo, vilivyopondwa. Vikate unene wa sarafu ya shilingi, anika juu ya jiwe safi au turubai hadi vivunjike kama chipsi. Amukeke inachemshwa na maharage au njugu, haihitaji posho pembeni. Buganda na Busoga wana mutere kwa njia hiyo hiyo.

Njugu: nunua zenye maganda kama unaweza. Ganda ni ghala la bure. Zilizobanguliwa mafuta yake yanachacha ndani ya miezi michache, na sumukuvu hupenda njugu kuliko hata mahindi. Chambua kwa mkono: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizovunjika, zote nje. Usisagishe zile mbaya ukidhani mchuzi utaficha. Odi (njugu zilizosagwa) ya kununua sokoni hujui ilichambuliwa na nani.

#11 Mvuvi_Katosi

Mukene, kwa kuwa hakuna aliyegusa. Nunua iliyoanikwa juu ya vichanja vya wavu. Ya mchangani utaila na mchanga. Nzuri inang'aa fedha, inavunjika ukiikunja, haina harufu kali ya mafuta. Ikipinda bila kuvunjika, ni mbichi. Rangi ya manjano kifuani ni mafuta yaliyochacha, samaki wa zamani huyo.

Ukifika nyumbani ianike tena siku nzima, hata kama muuzaji ameapa. Kata vichwa kama unataka ikae zaidi, uchungu na mafuta mengi viko huko. Ndoo kavu yenye mfuniko, au chupa kubwa za plastiki. Ukiona vijidudu vyenye manyoya, kaanga kavu kwenye sufuria hadi vife, chekecha. Miezi miwili, mitatu ikiwa kavu sana. Usiweke ya mwaka.

#12 Bodaboda_Arua

Mimi nanunua unga namba moja gunia zima kwa mashine. Kuna ubaya?

#13 Mpukuchuzi

Namba moja unakaa, kwa sababu kiini chenye mafuta kimetolewa. Miezi mitatu minne kwenye ndoo kavu, sawa. Dona, unga usiokobolewa, ndiyo shida: mafuta ya kiini yanachacha, mwezi mmoja au miwili unaanza kuwa mchungu. Hesabu ya pesa ni hii. Kilo 100 za mahindi zikitolewa ganda na kiini zinakupa kilo 60 hadi 70 za namba moja. Dona inakupa karibu zote. Kwa hiyo weka mahindi, saga kilo 10 au 15 kwa wakati mmoja, na kama unasaga namba moja dai pumba yako, wafuga kuku wananunua.

Mwambie mwenye mashine aanze na pumba kidogo ya kusukuma unga wa mteja aliyetangulia, hasa kama huyo alileta muhogo au mahindi yenye ukungu.

#14 MamaWaNateete

Maharage yangu ya stoo yanapikwa tangu asubuhi hadi makaa yanaisha. Yameharibika?

#15 Kichuguu

Hayajaoza, yamekomaa vibaya. Maharage yakikaa kwenye joto na unyevu kwa miezi mingi yanakuwa magumu ndani, hata yakiloweka hayalainiki. Stoo chini ya bati ndiyo mbaya kuliko zote. Yaweke sehemu ya chini na yenye kivuli, na yamalize ndani ya miezi sita.

Kuhusu kubunguliwa: mayai huja na maharage kutoka shambani, ndiyo maana unaona matundu hata kwenye mfuko uliofungwa vizuri nyumbani. Siku ya kununua, tandaza juu ya kaveera nyeusi, funika kwa kaveera angavu, bana pembe kwa mawe, saa moja au mbili za jua kali la mchana. Joto likipita nyuzi 57 kwa saa moja linaua mayai na viwavi. Yapoe, funga. Hayo ni ya kula. Ya mbegu usiyafanyie hivyo, joto linaweza kuyadhuru. Ndoo ikiwa haijajaa, izungushe na kuigonga asubuhi na jioni kwa wiki mbili za mwanzo. Kiwavi mchanga anahitaji muda wa kutulia ili atoboe, ukimhamisha kila mara anachoka na kufa.

Kwa makaa: loweka usiku mzima, mwaga yale maji. Chemsha dakika 20 za mchemko wa kweli, kisha ingiza sufuria kwenye kikapu kilichojazwa majani ya ndizi makavu na blanketi, funika kwa muda wa saa nne. Usiruke ule mchemko wa mwanzo; maharage mekundu yakipashwa moto mdogo tu yana sumu ya kutapisha. Ukirudi, dakika 15 motoni yanatosha.

#16 Karo_Tupu

Vilivyobaki kwa haraka.

Mafuta ya kupikia yanaharibiwa na mwanga na joto. Jerikeni ya lita 20 mkigawana watu wanne ni nafuu, ila kila mtu aende na chupa kavu ya kujaza hadi juu. Usimimine mapya juu ya masalio ya zamani.

Chumvi yenye madini joto kwenye chombo cha kufunga, mbali na sigiri. Unyevu na jua vinayapunguza. Sukari haiozi, adui wake ni sisimizi na mtoto wa jirani.

Sabuni ya mche inunuliwe katoni, ikatwe, ipangwe yenye nafasi kati juu ya kabati mwezi mzima. Iliyokauka haiishi upesi kwenye beseni.

Makaa: tangu amri ya rais ya Mei 2023 dhidi ya biashara ya makaa kutoka kaskazini, bei haitabiriki, na msimu wa mvua huja yameloa na mazito. Nunua kiangazi, weka juu ya mbao. Na jamani, sigiri yenye moto hailali ndani ya muzigo mlango ukiwa umefungwa.

Maji ya siku tatu, kunywa na kupika: lita 5 kwa mtu kwa siku, familia ya watano ni jerikeni nne. Yachemshe, yapoe kwenye sufuria iliyofunikwa, jaza jerikeni safi yenye mdomo mdogo. Badilisha kila wiki, ya zamani fulia. Kwenye kisanduku hicho hicho weka pakiti za chumvi-sukari za kuharisha. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chumvi.

#17 Bodaboda_Arua

Tumejiunga watu sita tununue pamoja. Kuna faida kweli au ni maneno?

#18 Mpukuchuzi

Pigeni hesabu kabla. Mfano tu: kilo ya mahindi ikiwa shilingi 1,000 leo na 1,600 Mei, kilo 75 zinakuokolea 45,000. Toa bei ya mfuko ukiigawa kwa misimu miwili, toa usafiri, toa kilo tatu za uchafu na upungufu wa mizani. Kilichobaki ndiyo faida. Kama mnakopa kwenye chama kwa riba ili kununua, toa na riba. Mara nyingi hapo ndipo faida yote inapoyeyuka. Nunueni kwa akiba au msinunue.

Mgawane kwa mizani siku ile ile, kila mtu aende na chake. Stoo ya pamoja ya watu sita huleta kesi. Na kila chombo kiandikwe mwezi na mwaka kwa kalamu ya maka, cha zamani kikae mbele.

#19 Bodaboda_Arua

Sawa mkuu. Mfuko wa PICS wa mwaka jana nitumie tena?

#20 Mpukuchuzi

Tumia, ukipita jaribio la kupuliza. Tundu la ncha ya kalamu kwenye mmoja wa plastiki, bandika selotepu pana pande zote mbili, na huo uufanye wa nje kati ya ile miwili. Matundu mengi au mchaniko, ubaki wa kuanikia. Uoshe kwa maji bila sabuni, ugeuze ndani nje, kivulini. Dumuzi (wadudu wanaotoboa mahindi) wakiwa wameutoboa, choma, na kagua mifuko iliyokaa jirani nao leo hii.